Redio ya Vibao Mpakani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vituo vya Muziki vya Busia na Malaba

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wasikilizaji, wanamuziki na wafanyabiashara wa Busia, Malaba na vijiji vya jirani huuliza kuhusu redio za FM zinazopiga muziki unaovuma. Majibu yanahusu hasa vituo vyenye leseni ya Kenya ambavyo wasikilizaji wake wako pande zote mbili za mpaka. Ugumu wa kazi hii unaanzia hapo, kwa kuwa leseni hukomea mpakani lakini mawimbi huendelea na safari.

Redio ya vibao ni redio ya namna gani, na inatofautianaje na redio ya jamii?

Ni kituo cha kibiashara ambacho kazi yake kuu ni kupiga muziki unaopendwa kwa wakati huo, pamoja na soga za watangazaji, salamu, habari fupi kila saa, na matangazo ya biashara yanayolipia umeme, mirabaha (malipo ya haki za wanamuziki) na mishahara. Redio ya jamii ni jambo jingine. Chini ya sheria za Kenya humilikiwa na jamii inayoihudumia, haikusudiwi kuleta faida, na matangazo yake hutakiwa kuhusu eneo lile lile. Katika Kaunti ya Busia mfano unaofahamika ni Bulala FM ya Budalang'i, iliyoanzishwa kupitia mradi wa RANET wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ili wakazi wa nyanda za chini za Mto Nzoia wapate taarifa za hali ya hewa na maonyo ya mafuriko katika lugha wanayoielewa. Redio ya vibao nayo hutangaza mto unapofura, ila haikujengwa kwa ajili hiyo, na anayeishi kando ya Nzoia hafai kuitegemea peke yake.

Kwa nini redio ya Kenya inasikika Uganda? Je, si kuvunja sheria?

Redio ya FM hutumia masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108. Mawimbi ya masafa hayo husafiri karibu katika mstari ulionyooka, yakizuiwa na vilima na mviringo wa dunia, wala hayajui lango la forodha. Busia na Malaba ni miji ambayo mpaka unaipasua katikati, kwa hiyo hakuna mtambo unaoweza kuihudumia vizuri Busia ya Kenya bila kuifikia Busia ya Uganda pia. Waliopanga matumizi ya masafa walilijua hilo tangu zamani. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1984, ambao wahandisi huuita GE84, uligawa masafa ya FM kwa nchi za Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia, na ukaweka utaratibu wa jirani kuarifiwa na kukubaliana kabla mtambo mpya ulio karibu na mpaka haujawashwa au ule wa zamani haujabadilishwa.

Kwa hiyo kusikika ng'ambo si kosa. Kosa ni kituo kuzidisha nguvu ya mtambo kupita kibali, kupandisha antena juu ya urefu ulioidhinishwa, au kuielekeza kwa jirani ilhali kibali kinataka ielekezwe ndani ya nchi. Antena ya FM inaweza kupangwa vipande vyake ili itupe nguvu nyingi upande mmoja na kidogo upande wa pili, na vituo vya mpakani huweza kutakiwa kufanya hivyo. Wapo wenye vituo wanaoliona sharti hilo kama uonevu, kwa sababu nusu ya soko lao inabaki nyuma ya antena. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayepuuza masharti ya masafa hujikuta siku moja akifunikwa na jirani aliyepuuza vilevile, na hapo hakuna wa kumlalamikia.

Nikitembea sokoni, kituo ninachokisikiliza hukatika ghafla na kingine kuingia mahali pale pale. Redio yangu imeharibika?

Huenda haina tatizo lolote. Katika FM, vituo viwili vikitumia masafa yale yale, redio hushika ishara yenye nguvu zaidi na kuinyamazisha ile dhaifu, tofauti na redio za zamani za masafa ya kati ambazo zingekupa sauti zote mbili kwa pamoja, moja ikiguna nyuma ya nyingine. Mahali ambapo ishara ya Kenya na ya Uganda zinakaribiana kwa nguvu, tofauti ndogo tu inatosha kugeuza mambo: umeingia nyuma ya jengo, umepanda ngazi, au umegeuza mwili wako uliokuwa ukiikinga redio. Abiria wa matatu inayotoka Bumala kuelekea Busia hulishuhudia jambo hili bila kugusa kitu, kwa maana wimbo wa Nairobi hukatwa katikati na mtangazaji wa Kiganda, kisha ukarudi ubeti wa mwisho.

Kuna sababu nyingine mbili zinazofanana na hiyo. Ya kwanza ni kwamba katika eneo letu la dunia masafa ya FM hupangwa kwa hatua za kilohezi 100, na redio ya bei nafuu hushindwa kutenganisha kituo cha karibu chenye nguvu na cha mbali kilicho jirani yake kwenye mshale. Ya pili ni malori. Urefu wa wimbi la FM ni takriban mita 3, na safu ndefu ya makontena ya chuma yanayosubiri kibali cha forodha huakisi mawimbi hayo, hata yale yaliyoakisiwa yakagongana na yale yaliyokuja moja kwa moja na kuyadhoofisha. Mahali pabaya na mahali pazuri huweza kutenganishwa na chini ya mita moja, kwa hiyo kabla ya kulaumu kituo au fundi, sogeza redio hatua moja kushoto au kulia.

Kituo cha Busia kinaweza kufika wapi?

Kinachoamua zaidi ni kimo cha antena. Wahandisi hukadiria upeo kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya kituo kwa mita, kujumlisha kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya msikilizaji, kisha kuzidisha kwa 4.12 ili kupata kilomita. Mlingoti wa mita 60 na antena ya nyumbani iliyo mita 3 kutoka ardhini hutoa takriban kilomita 39 katika nchi tambarare. Kuongeza nguvu ya mtambo maradufu, jambo linalopandisha ankara ya umeme vibaya, huongeza desibeli 3 tu, ambazo msikilizaji wa kawaida hatazitambua isipokuwa akiwa ukingoni kabisa mwa eneo. Ndiyo maana wenye vituo hugombania vilele vya vilima.

Ardhi yetu, hata hivyo, si tambarare kila mahali. Vilima vya Samia huwakinga baadhi ya wakazi wa pande za Funyula na Sio Port wasipate ishara inayotoka mjini Busia, na kaskazini Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, huacha kivuli kikubwa nyuma yake. Kisumu iko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Ukisikia kituo kile kile Busia na Kisumu, ujue unasikiliza mitambo miwili yenye masafa tofauti inayolishwa na studio moja.

Mbona usiku, hasa kando ya ziwa, nasikia vituo vya mbali sana?

Hewa yenye joto inapotanda juu ya hewa baridi iliyolalia maji, mawimbi hupindwa na kufuata uso wa ziwa badala ya kupotelea juu. Wavuvi wa Port Victoria na Sio Port huweza basi kupata kituo cha mbali kwa saa kadhaa kisha kikatoweka jua linapopanda. Hali hiyo haitabiriki vizuri na hakuna kituo kinachoweza kukuahidi kuwa kesho itakuwapo.

Simu yangu ina redio lakini inataka spika za masikioni. Kwa nini?

Waya wa spika hizo ndio antena. Antena nzuri ya FM huwa na urefu wa karibu robo ya wimbi, yaani kama sentimita 75, na simu haina pa kuificha. Spika zisizo na waya hazisaidii hapa.

Kwa nini kituo huzimika mvua ikianza tu?

Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye radi nyingi, na katika kaunti zetu mvua ya radi hupenda kuja alasiri, saa ambazo redio ina wasikilizaji wengi wanaorudi nyumbani. Mlingoti mrefu juu ya kilima ndio kitu cha kwanza radi hukitafuta. Kinga radi na nyaya nene za kuipeleka ardhini husaidia, ila fundi mwangalifu aliyewahi kuona mtambo ukiungua huchagua kuuzima kwa dakika 20 kuliko kuununua upya. Wakati mwingine kilichokatika ni umeme wa kilimani peke yake, huku studio mjini ikiendelea bila kujua, na mtangazaji akaendelea kutuma salamu zisizomfikia mtu.

Nyimbo huchaguliwa na nani, na kwa nini kibao kimoja hurudiwa mno?

Kila kituo cha vibao huwa na msimamizi wa muziki anayegawa nyimbo katika makundi. Vibao vinavyotamba kwa sasa huwa vichache na hurudi kila baada ya saa tatu au nne. Vilivyoanza kushuka hurudi mara chache zaidi. Na vya zamani, vinavyojulikana kwa wote, hujaza mapengo. Programu ya kompyuta huzuia msanii mmoja asifuatane na mwenyewe na huzuia wimbo kurudi saa ile ile siku inayofuata. Hoja ya mtindo huu ni kwamba msikilizaji wa mjini hufungua redio kwa muda mfupi, akiwa garini kwenda kazini, na kila anapofungua anataka kukuta kitu anachokipenda.

Hoja hiyo ilitungwa kwa ajili ya miji mikubwa, na ninavyoona haituvai vizuri. Msikilizaji wa mpakani mara nyingi ni mwenye duka, mbadilishaji wa fedha aliyekaa na kibegi chake, mama anayeanika omena, au dereva wa lori anayesubiri karatasi tangu alfajiri. Watu hawa husikiliza mchana kutwa. Kumpigia dereva aliyekwama Malaba kibao kile kile kwa mara ya nne kabla ya chakula cha jioni ni kumfukuza, na yeye ana uhuru wa kuhamia kituo cha Tororo, Uganda, kwa kuzungusha kitufe kidogo tu. Kituo cha hapa kingefaa kuwa na orodha ndefu kuliko ile ya Nairobi, na kurudia vibao vyake vya juu kwa nafasi pana zaidi.

Muziki upi huhesabiwa kuwa wa nyumbani?

Kwa kanuni za utangazaji za Kenya, kiwango kinachotakiwa kufikiwa ni asilimia 60 ya maudhui ya ndani ya nchi. Kwa hesabu hiyo wimbo uliorekodiwa Kampala ni wa kigeni sawa na uliorekodiwa Los Angeles. Msikilizaji wa Busia haoni hivyo, na ana haki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jose Chameleone na Bebe Cool, wote Waganda, walikuwa wakifanya kazi Nairobi na watayarishaji wa muziki Ogopa Deejays, na nyimbo zilizotoka wakati huo zilipigwa kwenye sherehe za pande zote mbili bila mtu kuuliza pasipoti ya mwimbaji. Mganda Eddy Kenzo aliposhinda tuzo ya BET ya Marekani mwaka 2015, shangwe hazikuishia ng'ambo ya daraja.

Upande wa pili wa swali hili husahaulika. Eneo letu lina hazina yake ambayo redio za vibao huigusa kwa nadra: gitaa la omutibo la George Mukabi, twist ya Daudi Kabaka, benga ya Waluo iliyosambazwa na D. O. Misiani na Shirati Jazz, ohangla ya Tony Nyadundo, ala ya litungu ya Wabukusu, ala ya akogo ya Waiteso, na ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Vitu hivi huachiwa redio za lugha za mama au kipindi kimoja cha Jumapili, kana kwamba msikilizaji wa Bongo Fleva na gengetone hawezi kucheza ohangla. Hudhuria harusi yoyote ya Nambale au Tororo, uone didjei anavyopita kutoka kwa Diamond Platnumz hadi ohangla bila sakafu kupungua hata mtu mmoja. Kituo kinachojaza asilimia zake kwa muziki wa Nairobi pekee kimetimiza sheria, lakini wasikilizaji wake kimewapa nusu ya chakula.

Mimi ni msanii chipukizi. Nifanye nini wimbo wangu upigwe?

Peleka faili yenye sauti bora, si ile iliyopitishwa kwenye ujumbe wa simu mara nyingi hadi besi ikaisha. Andika ndani ya faili jina lako la usanii, jina la wimbo, majina ya watunzi na mtayarishaji, na namba ya simu. Ikiwa wimbo una maneno makali, peleka pia toleo lililosafishwa, kwa sababu bila hilo hautapigwa mchana. Sajili kazi yako kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kabla ya kuisambaza. Kisha mwone msimamizi wa muziki badala ya kumwandama mtangazaji mmoja mmoja, maana mtangazaji wa redio ya vibao kwa kawaida hufuata orodha ambayo hakuiandika.

Wasanii wa Busia wana faida moja wasiyoitumia: wimbo mmoja unaweza kujaribiwa katika nchi mbili kwa nauli ya bodaboda. Peleka nakala Tororo na Mbale siku ile ile unayopeleka Bungoma.

Je, nitoe kitu kidogo?

Usitoe. Fedha inayoingia mfukoni mwa mtangazaji hainunui nafasi katika orodha, na akibadilishwa zamu wimbo wako unaondoka naye. Kama kituo chenyewe kinauza nafasi za kutangaza nyimbo mpya, zinunue kwa risiti, na wimbo utambulishwe hewani kuwa ni tangazo.

Wimbo ukipigwa, nani hulipwa?

Wimbo mmoja uliorekodiwa hubeba haki za watu wa aina tatu: mtunzi, waimbaji na wapiga ala, na mwenye rekodi yenyewe. Kituo hulipa mirabaha kwa vyama vya ukusanyaji vinavyopewa leseni na KECOBO, navyo hugawia wanachama kwa kutegemea taarifa za nyimbo zilizopigwa. Kwa Mganda ambaye wimbo wake unapigwa Kenya, malipo ya mtunzi hupitia mikataba baina ya chama cha Kenya na cha kwao, ambacho kwa Uganda ni UPRS. Kwa maandishi utaratibu huu ni mzuri. Kwa vitendo, msanii ambaye jina lake halikuandikwa sawasawa kwenye taarifa ya kituo hapati kitu, kwa hiyo rudi kwenye jibu la msanii chipukizi usome tena kuhusu majina ndani ya faili.

Watangazaji huzungumza lugha gani?

Kiswahili hubeba mzigo mkubwa, na Kiingereza na Sheng huchanganywa kadiri ya kipindi. Wasamia wako pande zote mbili na wanasikilizana bila mkalimani, na Waiteso vilevile, lakini Msamia na Mwiteso hawasikilizani kwa lugha zao za nyumbani, kwa kuwa Kiteso si lugha ya Kibantu. Ongeza Waluo, Wajapadhola wa Tororo, wafanyabiashara wa Kiganda na madereva kutoka Mombasa, ndipo utaelewa kwa nini kituo cha vibao hakiegemei lugha moja ya kabila. Kiswahili cha ng'ambo kimekuwa kikiongezeka, hasa baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kukiidhinisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, japo sokoni kilikuwako tangu zamani. Mtangazaji mzuri wa hapa hujua kutoa pole, hongera na utani katika lugha tano au sita, na hilo linatosha.

Niko Busia ya Uganda. Mbona ujumbe wangu wa shindano haufiki?

Namba fupi za ujumbe husajiliwa kwa kila nchi kivyake, kwa hiyo namba fupi ya Kenya haitambuliki na mtandao wa Uganda. Tatizo huwapata hata Wakenya, kwani simu iliyo karibu na mpaka huweza kurukia mnara wa jirani bila mwenyewe kujua. Tumia namba kamili ya simu ya kituo ukianza na +254. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mpango wa eneo moja la mtandao ulioshusha gharama za kupiga simu baina yao, ingawa inafaa kuangalia salio kabla ya kushinda hewani ukisubiri zamu yako ya salamu.

Ninauza bidhaa ng'ambo. Naweza kutangaza kwenye redio ya Kenya?

Unaweza, mradi bidhaa ni halali mahali ambapo kituo kimepewa leseni. Mfano ulio wazi ni mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo Kenya ilipiga marufuku kutengenezwa, kuuzwa, kuingizwa na kutumiwa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Duka la ng'ambo linaloiuza kwa jumla haliwezi kuitangaza kwenye kituo cha Busia ya Kenya, hata kama wateja wake wote ni Waganda. Matangazo ya dawa huhitaji idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Waganga wanaoahidi kurudisha mume na kuongeza fedha maradufu hulipa vizuri na hulipa mapema, na kituo kinachojiheshimu huwakataa.

Taja sarafu. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda, na tangazo linalosema tu "shilingi elfu tano" huleta ugomvi dukani kabla ya saa sita mchana. Saa haina shida hiyo, kwa kuwa nchi zote mbili hufuata saa za Afrika Mashariki.

Redio ya muziki ina kazi gani na habari za forodha?

Ina kazi kubwa kuliko inavyokubali. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza marufuku hayo siku chache baadaye kwa masharti. Katika siku hizo, tofauti kati ya aliyepata hasara na aliyeokoka ilikuwa kujua habari kabla ya kupakia. Mwaka 2020, upimaji wa Korona kwa madereva ulipozaa foleni ndefu mno Malaba, muziki peke yake haukumtosha mtu aliyelala chini ya lori. Hata siku za kawaida, wachuuzi wengi hawajui kuwa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwaruhusu wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kutumia cheti rahisi cha asili kinachotolewa pale pale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Wengine bado hupita njia za panya wakilipa mawakala wa njiani zaidi ya ambacho wangelipa kwenye kituo cha pamoja cha forodha, ambacho kwa Busia kilizinduliwa rasmi 2018. Dakika mbili za habari hizo kati ya nyimbo mbili humfikia mchuuzi ambaye hatasoma bango la serikali.

Kwa nini mchana nyimbo hukatwa maneno, na usiku haziguswi?

Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, zinataka vipindi vya kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku viwe vinavyofaa familia nzima. Baada ya hapo kuna uhuru zaidi, si uhuru wote.

Je, kituo cha Kenya kinaweza kuzungumzia siasa za Uganda?

Kinaweza kutoa habari, kwa usawa. Kenya hupiga kura Agosti kila baada ya miaka mitano, na Uganda katika chaguzi za karibuni imepiga Januari au Februari, kwa hiyo mpakani misimu ya kampeni haiishi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 huadhibu uchochezi wa kikabila na humhusu pia mpiga simu aliyeunganishwa hewani. Kituo cha vibao kisicho na mhariri wa habari kingefanya vyema kutofungua simu za siasa kabisa. Wakati huo huo, Uganda ilipofunga intaneti kwa siku kadhaa katika uchaguzi wa Januari 2021, FM iliendelea kufanya kazi, na msikilizaji wa ng'ambo alikuwa na haki ya kupata kutoka kwa jirani taarifa iliyo sahihi badala ya uvumi.

FM itazimwa kama ilivyozimwa televisheni ya analogia?

Kuzimwa kwa mwaka 2015 nchini Kenya kulihusu televisheni pekee. Redio yako ya FM haihitaji kisimbuzi.

Nataka kufungua kituo. Nianzie wapi?

Anza na masafa, kabla ya kununua hata kipaza sauti kimoja. CA hutoa leseni ya utangazaji na kibali cha masafa, na mpakani masafa ni adimu kuliko kwingine, kwa kuwa kila yaliyotengewa Uganda karibu nawe yanakupunguzia yako. Mlingoti huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege kwa ajili ya urefu wake na ya NEMA kwa ajili ya mazingira, na mtambo wenyewe uwe wa aina iliyoidhinishwa. Mitambo ya bei ya kutupa inayouzwa mitandaoni hutapakaza ishara nje ya masafa yake na hukuletea wakaguzi. Ukitaka kituo chenye leseni katika nchi zote mbili, tarajia kampuni mbili, leseni mbili na mitambo miwili, maana UCC, mdhibiti wa mawasiliano wa Uganda, haitambui leseni ya CA, wala CA ya UCC.

Nimekerwa na nilichosikia. Nilalamike wapi?

Andikia kituo kwanza, ukitaja tarehe, saa, masafa na kipindi, na ufanye hivyo mapema kwa kuwa rekodi hazihifadhiwi milele. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa CA ikiwa linahusu vipindi, muziki au matangazo, au kwa Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya ikiwa linahusu habari na mwenendo wa wanahabari. Aliye Uganda anaweza kutumia njia hizo hizo. Akienda UCC ataelekezwa huku huku, isipokuwa lalamiko lake likiwa ni kwamba kituo cha Kenya kinakifunika cha Uganda kwenye masafa yake, kwani hilo ni jambo la wadhibiti wa nchi mbili kulimaliza wao kwa wao. Katika lalamiko la namna hiyo, eleza mahali hasa ulipokuwa na redio.